Wateja wanasema "nakuja", Jumamosi asubuhi simu zimezimwa. Nyie mnafanyaje?

Binti_Saiti aliuliza:

Wakuu habari za jioni. Naomba msinicheke, nina wiki mbaya.

Nauza viwanja. Kampuni yetu ni ndogo, ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbagala Rangi Tatu, na viwanja vyenyewe viko Kigamboni ya ndani, ukishapita Kibada unaelekea Mwasonga. Mshahara wa maana sina. Nina posho ya nauli na kamisheni, kwa hiyo mteja asipofika, mimi ndiye ninayelala njaa.

Utaratibu wetu ni huu: wiki nzima nakusanya watu kwa simu na WhatsApp, Jumamosi tunakodi Noah, saa tatu asubuhi tunaondoka kwenda kuona viwanja. Gari pamoja na mafuta ni laki moja na ishirini. Bosi anatoa nusu, nusu tunachangishana sisi maafisa mauzo wenye watu siku hiyo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na watu 9 waliothibitisha. Ijumaa jioni nilimpigia kila mmoja, na kila mmoja akaniambia lake: "bila shaka dada", "tupo pamoja", "Mungu akipenda". Mmoja akaniuliza hadi kama anaweza kuja na kandambili. Asubuhi wakaja wawili, na kati ya hao wawili mmoja ni mtoto wa darasa la pili aliyefuatana na mama yake.

Kuna kaka mmoja saa tatu kasoro kumi aliniambia yuko kwenye daladala, ameshapita Mtoni kwa Azizi Ally. Nyuma yake nasikia jogoo anawika na mtoto analilia uji. Nikasema sawa kaka, nakusubiri. Nikamsubiri kweli, mpaka saa nne na nusu, yule mama ananitazama, dereva anawasha redio anazima. Kupiga tena: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Tukaondoka. Noah nzima ina mama, mtoto, dereva na mimi. Tumefika Kongowe mtoto akauliza, "Mama, wengine wako wapi?" Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Nimekaa nikahesabu mwezi mzima. Jumamosi nne, waliosema wanakuja ni 31, waliofika 10. Watano walinipigia wenyewe kusema wameahirisha. Waliobaki 16 waliyeyuka tu kama barafu ya Mbagala.

Bosi anasema tatizo ni langu, siongei kwa ukali, niwabane. Mwenzangu wa ofisini anasema tuwatoze hela ya kiti. Mwingine anataka tuwaweke wote kwenye kundi moja la WhatsApp ili waoneane aibu. Mimi nawauliza nyie mliokwishapita huku: mnawakumbusha mara ngapi bila kuwa kero? Na mtu akishaahirisha mara mbili, unamfuta au unaendelea naye?

Chuma_Ulete alijibu:

Toza elfu kumi, mchezo umekwisha. Hao wengine si wateja, ni watalii wa viwanja. Jumamosi hawana pa kwenda, wanataka kupunga upepo wa Kigamboni bure na maji ya chupa juu.

Kauntabuku alijibu:

Pole dada. Na mfikishie bosi wako salamu: ukali haujawahi kumpandisha mtu kwenye Noah.

Niko kwenye mauzo mwaka wa kumi na moja huu. Nilianza na bima ya maisha, nazunguka Kariakoo na mkoba wa ngozi bandia. Mtu anakwambia njoo Jumatano, Jumatano unakuta duka limefungwa, naye yuko ndani anakuchungulia kwenye upenyo wa mlango. Nikahamia viwanja upande wa Bagamoyo, Mapinga na Kerege, na sasa nasimamia vijana wanne. Kwa hiyo hilo jogoo lako nalijua, hata mimi limeshaniwikia.

Kilichonibadilisha ni kauntabuku, ndiyo maana hapa natumia jina hili. Zamani nilikuwa naandika waliolipa tu. Siku moja, baada ya Jumamosi kama hiyo yako, nikaanza kuandika wasiokuja: niliongea naye lini, alitamka neno gani hasa, alikuwa aje na nani. Halafu naacha wiki ipite, hasira initoke, namtumia meseji: "Kaka, sikutafuti kukuuzia. Najifunza kazi tu, ile Jumamosi ilikuwaje?" Wengi hawajibu. Lakini anayejibu anakwambia ukweli mtupu, kwa sababu hujamdai kitu.

La kwanza nililoliona humo ni maneno. "Nitajitahidi." "Tuombe uzima." "Tutawasiliana." Sisemi watu wana dharau. Tumelelewa hivyo: mtu mzima hamkatalii mwenzake mdomoni, hasa mwenzake akiwa na adabu na anamwita dada, anamwita mama. Sasa wewe ukipiga Ijumaa ukauliza "utakuja?", umempa jibu moja tu la heshima, nalo ni ndiyo. Hapana yake ataisema Jumamosi kwa kuzima simu, maana ndiyo hapana pekee uliyomwachia.

Kwa hiyo usiulize "utakuja?". Sisi siku hizi Ijumaa saa kumi na moja jioni, watu wako kwenye foleni na simu ziko mkononi, tunatuma hivi. Nakunakilia kama ilivyo:

"Shikamoo mama. Kesho tuna Noah nyeupe, namba zinaishia 417, dereva ni mzee mwenye kofia ya buluu. Inasimama Tegeta, mbele ya duka la dawa, saa tatu asubuhi. Saa saba mchana tumesharudi. Kesho hatupokei pesa ya mtu yeyote, ni kuona tu. Jibu 1 nikuwekee kiti. Jibu 2 nikusogeze Jumamosi nyingine. Jibu 3 kama mambo yamebadilika, nami sitakusumbua tena. Lolote kwangu ni jema."

Kijana wangu mmoja aliikataa ile namba tatu. "Mkuu, unawafungulia mlango watoke." Nikamwambia wameshatoka kitambo, mimi nataka tu kujua kama nikodi Noah au nichukue bajaji. Na ndivyo ilivyokuwa. Wiki ya kwanza tulipata namba tatu za kutosha, moyo ukauma, lakini Jumamosi hatukupeleka gari tupu Kerege.

Na hiyo namba 2 ni mali, dada. Anayejibu 2 angeweza kunyamaza, lakini kajibu. Umeuliza akiahirisha mara mbili umfute? Aliyeyeyuka mara mbili muweke pembeni. Aliyeahirisha kwa mdomo wake mara mbili, tatu, huyo yuko kwenye mazungumzo na mtu nyumbani, muache apike.

Unaweza kujiuliza kofia ya buluu ya nini. Mama mmoja wa Bunju aliniambia kwamba alikuja. Alikuja mpaka kituoni! Akakuta Noah tano, wapiga debe wanamvuta mkono, akaona aibu kuuliza "nyie ndio wa viwanja?", akapanda daladala akarudi kwake. Mimi kwenye kitabu nilikuwa nimemwandika mwongo. Tangu hapo namweleza mtu gari, dereva, mahali pa kusimama, na saa ya kurudi. Saa ya kurudi usiisahau, mwenye mtoto mdogo au mwenye misa ya jioni hiyo ndiyo anayoiwaza.

Halafu pesa. Nusu ya hofu ya watu ni kwamba wakifika saitini watabanwa watoe kishika uchumba, yaani malipo ya awali, mbele za watu. Mtu ana elfu sitini mfukoni, anaona bora asije kuliko kuumbuka. Sisi tukaamua: siku ya kuona, hakuna kupokea hata mia. Bosi wangu wa wakati ule alinuna wiki mbili. Wanaotaka kweli wanapiga Jumatatu wenyewe.

Kuhusu kutoza, samahani Chuma_Ulete, nilitoza. Elfu tano ya kiti. Ni kweli waliolipa walikuja wengi. Lakini kuna mawili sikuyatarajia. Wale mama wa Tegeta wenye pesa zao taslimu, wanaouza kuku na mchele, waliona wanalipishwa kuona mali wasiyoijua, wakaenda kwa dalali mwingine. Na wengine walilipa wakaacha kuja wakiwa na amani kabisa rohoni: "Ile elfu tano kaa nayo kaka, utakunywa soda." Mwanzo alikuwa na deni kwangu la heshima, nikamfundisha kwamba deni hilo ni elfu tano. Nikaacha. Ukitaka kumfunga mtu kidogo, mwombe kitu kisicho pesa. Atapandia kituo gani? Kiti cha mbele au nyuma? Aje na nani?

Hilo la "na nani" nalisisitiza. Kwenye kitabu changu sababu iliyojirudia kuliko zote haikuwa mvua wala msiba, ilikuwa ni mwenzi. Anayekupa namba ni mume, anayejua hela ya kikoba iko wapi ni mke, au kinyume chake. Umemwandikisha mmoja, Ijumaa usiku mwingine anauliza "viwanja gani tena?", safari imekufa kitandani. Sasa nauliza mapema: Jumamosi hiyo na mwenzako ana nafasi? Kama hana, tunatafuta siku ambayo anayo. Sibebi nusu ya familia.

Sasa saa. Usicheke, hili limenila wateja. Nilikuwa naandika "tukutane 3:00". Mhasibu mmoja akaiweka kwenye kalenda ya simu, na simu haijui Kiswahili, ikamwandikia saa tisa alasiri. Jamaa saa tisa kamili akanipigia, "nimefika kaka, mko wapi?" Yuko peke yake kituoni amevaa gambuti. Mimi nimesharudi, nimevua viatu, nakula wali maharage. Andika kwa maneno: saa tatu asubuhi.

Na kama una wateja wa nje, wanaotaka kuona kwa video, hapo ndipo penyewe. Muscat wametutangulia saa moja, na mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili wako kazini. Uingereza ni kizungumkuti, wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo kuna miezi tunawazidi saa mbili na miezi tunawazidi tatu. Nina dada ni muuguzi Leicester, nilimsubiri kwenye jua la Kerege saa nzima, simu ya moto kama pasi, bando linakwisha, namlaani kimoyomoyo. Kumbe saa yao ilibadilika usiku ule ule, na yeye alikuwa anasubiri muda aliouzoea. Siku hizi namwandikia saa ya kwake na saa ya kwangu kwenye mstari mmoja.

Siku nazo. Ukimwandikisha mtu Jumapili kwa safari ya Jumamosi, amekaa siku sita na hofu zake, na shemeji yake ameshamwambia Kigamboni kuna kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu watatu. Anayepata hamu Jumanne mpeleke Jumatano kwa bodaboda au bajaji, peke yake, kabla hamu haijapoa. Jumamosi iwe ya wanaoweza Jumamosi tu. Na kabla ya kupanga angalia kalenda: ikiwa ni tarehe za katikati ya mwezi, au Simba na Yanga wanacheza siku hiyo, au mwezi wa Ramadhani na wewe unaondoka saa tano jua la utosi, basi gari dogo.

Mvua nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyonishangaza. Machi mpaka Mei watu wanaghairi kwa mafungu. Nilikuwa nahesabu masika kama msimu wa kufunga duka. Mzee mmoja mstaafu akanijibu ile meseji yangu ya kujifunza: "Siku ya jua kila kiwanja ni kizuri." Nikaanza kuita watu kesho yake baada ya mvua kubwa, na kwenye meseji nasema wazi: njoo na viatu vya tope, tukaone maji yanapita wapi. Niamini, wanakuja. Gari lilinasa Mapinga mara mbili, wateja wameshuka wanasukuma, suruali zimekunjwa magotini, na ndani ya lile tope wakaanza kuulizana majina. Sharti lake ni moja, kiwanja chako kiwe kweli hakituami. Kama kinatuama, usiwaite, na kwa kweli usikiuze.

Kundi la WhatsApp usijaribu. Kwanza kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, namba ya mtu alikupa wewe, hakuwapa watu thelathini asiowajua. Pili, ukiweka watu tisa pamoja, Ijumaa saa mbili usiku mmoja akiandika "samahani nimepata dharura", ndani ya nusu saa dharura zinakuwa sita. Aibu uliyotaka iwalete ndiyo inayowapa ruhusa.

Mlala_Mbele alijibu:

Nimesoma hapa nimejiona. Dada, mimi ndiye kaka wa jogoo. Si mimi hasa, lakini ni mimi.

Nimewaangusha watu wa viwanja mara tatu. Ya kwanza ilikuwa uzembe, nililala. Ya pili mke wangu aliniambia hela hiyo ni ya ada ya mtoto, akasema kwa sauti ambayo nikajua mjadala umekwisha. Ningemwambiaje yule dada wa mauzo? Kwamba mke wangu kakataa? Nikamwambia nipo njiani. Sijui kwa nini. Aliponipigia mara ya tatu nilikuwa nafua, nikaitazama simu inatetemeka kwenye beseni la nguo kavu mpaka ikanyamaza, ndipo nikaizima. Siku nzima sikuwa na raha, nyie mnadhani tunafurahia?

Ya tatu ndiyo muhimu. Kabla ya hapo nilishakwenda saiti moja, sitaji kampuni. Tumefika, tumezunguka, jua kali, tunataka kurudi, tunaambiwa dereva amekwenda kutafuta tairi. Tumekaa chini ya mkorosho saa mbili, na kila baada ya muda kijana anapita na kitabu cha risiti, "nani anaanza?" Mzee mmoja alipotoa laki, tairi likapatikana. Tangu siku hiyo nikisikia "usafiri bure" tumbo linanikaza.

Ndiyo maana ile "kesho hatupokei pesa ya mtu" nimeisoma mara mbili. Mimi ningekuja.

Ploti_Mtwapa alijibu:

Salamu kutoka pwani ya Kenya dadangu. Mie nauza ploti, Mtwapa hadi Kikambala, na haya maneno ni yale yale, huku twaita "nakam" halafu haji.

Dawa yangu ni moja. Viti saba, alika watu kumi na mbili. Watano hawaji, hesabu yakaa sawa. Mwaka mzima yanifanyia kazi. Ila nisiwafiche, kuna Jumamosi moja walikuja kumi na mmoja, na nyanya mmoja amebeba mkeka na chupa ya chai. Nikawapakia wengine kwa matatu, nauli yangu, na bado kuna bwana alinuna hadi leo hashiki simu yangu. Sasa naalika kumi tu.

Lakini wateja wangu wa Nairobi hawanisumbui kabisa. Akishakata tiketi ya treni huyo yuwaja, hata ikinyesha mawe. Wanisumbuao ni wa hapa Kisauni, dakika ishirini tu.

Kauntabuku alijibu:

Ploti_Mtwapa, nimecheka hiyo ya mkeka. Ila mimi hapana. Yule nyanya mwenye chupa ya chai ndiye mteja, na ndiye uliyemkosesha kiti. Asiyekuja hajui kama ulimwalika zaidi ya viti.

Chuma_Ulete alijibu:

Nyie mna huruma sana, ndiyo maana mnakula wali maharage.

Binti_Saiti alijibu:

Wakuu nimerudi, ni wiki ya sita leo. Niliahidi kimoyomoyo nitaleta mrejesho, hata uwe mbaya.

Kwanza nilikosea. Niliituma ile meseji ya 1, 2, 3 kwa watu wote 40 kwenye simu yangu, hata ambao sijaongea nao tangu mwaka jana. Nikapata namba tatu 14 kwa usiku mmoja, na mzee mmoja akanijibu "Tatu. Na wewe nani?" Nililia kidogo, nikalala. Asubuhi nikagundua kwamba wale 14 nilikuwa nawapigia kila Ijumaa. Vocha yangu yote ilikuwa inaishia huko.

Jumamosi ya pili nilikuwa na namba moja tano tu. Nikamwambia bosi Noah ya nini, watu watano na mimi tunaenea kwenye bajaji mbili mpaka Kibada, kule tunachukua pikipiki. Akagoma, hadhi ya kampuni. Tukaenda na Noah, wakaja wanne. Wanne kati ya watano! Aliyekosekana alituma ujumbe saa kumi na mbili asubuhi, amefiwa na mjomba, na ulikuwa msiba wa kweli, nilikwenda kuhani.

Ya tatu ilinyesha tangu alfajiri, hakuja hata mmoja. Nikajikaza, Jumatatu yake nikaita watu watatu wa kuona maji. Wakaja wawili. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho bosi hakunieleza: safu ya chini, viwanja vinne vya mwisho karibu na mkondo, maji yalikuwa yamefika kwenye vigingi vya mipaka. Nimesimama pale na wateja wawili, gambuti zimezama. Nikawaambia, hivi vinne msivichukue. Yule baba akaniangalia muda mrefu, akauliza, "Na kile cha juu, chenye mwembe?" Alilipia nusu wiki iliyofuata. Vile vinne sivionyeshi tena, na ofisini tumegombana, hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Kuhusu pesa ya siku ya kuona, bosi amekubali nusu nusu. Hatuombi, ila mtu akitoa mwenyewe tunapokea na risiti anapewa ofisini. Sijaipenda lakini ndiyo niliyoipata.

Nimeanza kuuliza "utakuja na nani". Inachelewesha sana, kuna watu wanahitaji wiki tatu kupata Jumamosi ambayo wote wawili wapo. Mwezi uliopita nilikuwa na watu 31 kwenye orodha, mwezi huu 17. Waliofika ni 11. Bosi anaona 17 anasema nimelegea. Mimi naona 11, na mafuta ya safari nne badala ya safari nne za kubeba upepo.

Kuna mama mmoja wa Yombo, anauza vitenge. Amenijibu 2 mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza mtoto alikuwa na mitihani, mara ya pili zamu yake ya kikoba, mara ya tatu hakusema sababu, kaandika 2 tu na ua. Wenzangu wananicheka, wamempa jina Mama Mbili. Leo ni Ijumaa, nimemtumia tangu saa kumi na moja. Sasa hivi naona juu pale inaonyesha anaandika. Imekoma. Anaandika tena. Imekoma. Mkono unaniwasha nimpigie.

Kauntabuku alijibu:

Weka simu chini, nenda kale.

Binti_Saiti alijibu:

Nimekula. Kajibu saa tatu na nusu usiku.

"1. Tutakuwa wawili, na baba watoto. Hiyo kofia ya buluu na kesho itakuwepo?"

Dereva wa kesho ni mwingine na hana kofia. Natafuta kofia.